Kutoka Soga Hadi Bububu: Reli Mbili za Mwaka 1905

Kisarawe na Kibaha, ukizichukua pamoja, zimepitiwa na reli za aina tatu, na treni ya reli moja haiwezi kukanyaga reli ya mwenzake. Ya kwanza ni Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani, ambayo chuma na chuma vimeachana milimita 1,000. Inapanda milima ya Pugu, inapita Mpiji na Soga, kisha inauvuka Mto Ruvu. Ya pili ni TAZARA, milimita 1,067, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo inaikata Kisarawe upande wa Mzenga. Ya tatu ni Reli ya Kisasa, yaani SGR, milimita 1,435, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili 2017. Mtoto aliyekulia huku haujui usiku usio na honi.

Nimekulia Kisarawe, na sasa naishi Kibaha. Mjomba wangu, kaka yake mama, alistaafu akiwa mtu wa gengi, wale wanaoishi kwenye vijumba kando ya njia na kutembea na mtaimbo na spana wakikaza kilicholegea. Watu wengi hutazama treni. Yeye alinifundisha kutazama kilicho chini yake: kokoto zimekaaje, taruma lipi limeinuka, chuma kipi kimeanza kuliwa upande wa ndani wa kona. Aliposikia kwamba Unguja nako kuliwahi kuwa na treni, na kwamba ilianza kutembea mwaka 1905, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kutandika njia kutoka Dar es Salaam kuelekea Pugu, aliniuliza swali moja tu: "Sasa hiyo ya kwao iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Wala mimi wala yeye hatukuwa tumewahi kuvuka bahari. Ndipo tukaamua kwenda kuitafuta.

Tulipandia Soga, kwenye treni ya kawaida ya SGR, ile inayosimama kila kituo. Soga ya zamani ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati yenye miembe na watu wanaofahamiana; Soga mpya ni jengo la vioo na zege, na nyaya za umeme zimetanda juu ya njia. Wakati wa ujenzi hapa palikuwa na kambi kubwa ya mkandarasi, na vijana wengi wa Kibaha na Kisarawe walipata kibarua chao cha kwanza hapo. Mjomba hakukaa. Alisimama karibu na mlango, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Baada ya muda akasema, "Haigongi." Kwenye reli ya zamani gurudumu linapovuka kila maungio ya chuma hugonga, na mtu wa gengi hujua kwa mlio huo kama njia ni nzima. Hapa vyuma vimechomelewa vikawa kitu kimoja kirefu, na treni inateleza. Nilimtazama nikaona amefurahi na ameguswa kwa pamoja; kazi ya maisha yake ilikuwa kuyalinda maungio yale, na hapa hayapo.

Kuna jambo alinieleza wakati tunaondoka Soga ambalo linanipa fahari kila ninapolikumbuka. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilipita hapa. Wajerumani waliiunda kule Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakaisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, ambako ilishushwa majini mwaka 1915. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1914, baada ya kufika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo meli nzima ilipanda milima ya Pugu ikiwa ndani ya mabehewa, ikapita Soga, ikavuka Ruvu. Wazee wetu waliokuwa wakipalilia mihogo kando ya njia walipishana na meli bila kujua.

Na hao wazee ndio waliojenga. Mwaka 1905 ndio mwaka Vita vya Majimaji vilipolipuka, na chanzo chake kimoja kilikuwa kazi za kushurutishwa. Reli hii hatuwezi kuipenda kwa kuyasahau majembe yaliyochimba tuta lake.

Treni ilisimama Pugu. Huku ndiko Mwalimu Nyerere alikokuwa akifundisha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili aiongoze TANU. Kutoka Pugu njia inateremka, majumba ya Gongo la Mboto yanaanza kusongana, na muda si muda tukawa Stesheni ya Magufuli, katikati ya jiji, lile jengo lililochongwa kama jiwe la tanzanite.

Watu wa mjini huenda hawalioni hili, lakini mgeni analiona mara moja: kutoka kwenye stesheni hadi kwenye boti za Unguja ni mwendo wa kutembea. Unafuata Barabara ya Sokoine, bandari iko mkono wako wa kulia, unafika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na geti la boti liko mbele yake. Reli na bandari viliwekwa jirani makusudi. Reli ya Kati ilianzia majini kwa sababu kila taruma, kila chuma na kila kichwa cha treni kilishushwa kutoka melini, na kila gunia lililotoka bara lilikuwa linaelekea melini. Mjomba alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba maisha yake yote amehesabu maili kutoka Dar es Salaam, na hakuwahi kuuliza kwa nini sifuri iko pale. Sasa alikuwa amesimama kwenye sifuri, mbele yake maji.

Wapiga debe walitufuata hadi tulipoonyesha tiketi zetu. Tukaonyesha vitambulisho, mizigo ikapita kwenye mashine, tukaingia kwenye moja ya boti za Kilimanjaro za kampuni ya Azam, zile za matumbwi mawili zinazovuka kwa takriban saa mbili. Tukaketi juu, sehemu ya wazi. Boti ilipotoka kwenye mlango wa bandari tukaiacha Kigamboni na pantoni zake, na mawimbi yakaanza. Wahudumu walipita wakigawa mifuko kwa waliohitaji. Mjomba alishika reli ya pembeni kwa mikono miwili, akasema bahari haina tuta.

Abiria wengi walikuwa wakisoma dua kimyakimya, na nilielewa. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikaondoka na mamia ya watu. Haikupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe, kwenye njia hii hii tuliyokuwa tukiipita. Kwa watu wa visiwani boti ndiyo daladala, ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo gari la maiti, ndiyo gari la harusi. Anayevuka kwa mara ya kwanza anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kupiga picha.

Mnara wa taa wa Chumbe ulitokea, umesimama tangu mwaka 1904. Baada yake ikaja pwani ya Chukwani, liliko sasa Baraza la Wawakilishi, na hapo ndipo historia ya reli ya Unguja inapoanzia. Watu wengi wanaamini treni ilikuja Afrika Mashariki na Wazungu waliokuwa wakiikimbilia bara. Sivyo. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alitandika reli nyembamba kutoka kwenye kasri lake mjini hadi kwenye kasri la Chukwani mwaka 1879, kama maili 7. Mwanzoni magari yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na Waingereza wakaanza ya Mombasa mwaka 1896. Yaani mwenye reli ya kwanza upande wetu huu wa Afrika alikuwa Sultani aliyekaa kisiwani, mtu yuleyule aliyejenga Beit al-Ajaib na kuleta maji ya bomba mjini. Alipofariki, njia yake iling'olewa.

Mji Mkongwe unapoutokea kwa baharini, unaelewa kwa nini watu huusifu. Siusifu tena hapa. Wengine wamekwisha kufanya hivyo vizuri. Nilichotaka kukiona kilikuwa gati. Hadi miaka ya 1920 meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, na abiria na mizigo wakashushwa kwa mashua hadi ufukweni. Kisha serikali ikajaza bahari pale Malindi na kujenga gati la kina kirefu. Mawe ya kujazia yalihitaji kubebwa, na kilichoyabeba ni treni ya Bububu, ile ya mwaka 1905, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuacha kuchukua abiria. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Nilipomweleza mjomba hivyo tukiwa tunashuka ngazi za boti, alisimama, watu wakatupita kwa kulia na kushoto. "Kwa hiyo tumeshaikanyaga," akasema.

Sina hakika kama kila jiwe la Malindi lilitoka mahali pamoja, wala sihitaji kuwa nayo. Ilinitosha kujua kwamba reli ile, kabla haijafa, iliijengea bahari mlango ambao boti zote zinaingilia leo.

Tulitembea hadi Ngome Kongwe. Karibu na hapa ndipo njia ilipoanzia. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga njia hiyo mwaka 1904 na 1905, upana wa futi 3, urefu wa maili 7 hadi Bububu. Ilipita ndani ya mji, kwenye vichochoro ambavyo leo mtu na baiskeli wanapishana kwa kuombana radhi. Wenyeji ndio waliokuwa wateja wake wakubwa, wakileta mazao sokoni na kurudi na bidhaa za mjini. Na kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya wasafiri wa meli waliotaka kuliona shamba kabla meli yao haijang'oa nanga. Hili la pili linanivutia sana. Meli inatia nanga, abiria wanashushwa kwa mashua, wanapanda treni, wanaona minazi na mikarafuu, wanarudi. Reli iliishi kwa kuitegemea bahari tangu siku yake ya kwanza.

Mjomba alipima kichochoro kimoja kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Vijana waliokuwa wakiuza vinyago wakamuuliza anatafuta nini. Aliwaambia, "Natafuta reli." Hawakucheka. Mmoja akasema bibi yake alikuwa akizungumzia gari la moshi, lakini yeye alidhani ni hadithi.

Tukapanda daladala la 502. Barabara inatoka mjini, inapita Maruhubi, yalipo magofu ya kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha Mtoni, kwenye magofu ya kasri la Seyyid Said alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844, kisha Kibweni. Mjomba alikaa dirishani na njia nzima alikuwa akiisoma barabara. Gari linaweza kukata kona yoyote, aliniambia, lakini reli huanza kugeuka mapema na kumaliza kugeuka polepole. Kila tulipofika mahali barabara ilipopinda kwa upole namna hiyo, alinigusa goti. Alikuwa akiona njia ya treni ndani ya lami. Kama alikuwa sahihi kila mara siwezi kusema, lakini sijawahi kumwona mtu akisafiri kwa umakini wa namna ile.

Bububu ni mji mdogo wenye pilikapilika, magari ya kwenda shamba, maduka, mashine za kuoshea pikipiki. Reli hatukuiona. Tulikuta baraza moja na wazee wanakunywa kahawa, tukatoa salamu, tukakaribishwa. Mmoja wao, mwenye kofia nyeupe iliyodarizwa kwa mkono, akasema, "Karibuni ndugu zangu. Mnatoka bara?"

"Kibaha, mzee wangu," nikamjibu. "Na Kisarawe."

"Na mmekuja kwa ajili ya treni?" Akatikisa kichwa kwa furaha. "Basi nyinyi ni wageni wa marehemu bibi yangu. Yeye ndiye aliyeipanda. Alikuwa akitwambia, mvua ikinyesha treni inateleza, watu wanashuka, wanangoja."

Mjomba akamweleza jinsi mchanga unavyowekwa juu ya chuma ili gurudumu lishike. Mzee yule akawaita wenziwe wasogee. Kwa muda mrefu nilikaa nikiwasikiliza watu wawili ambao hawakuwa wamekutana kabla ya siku ile wakizungumza kuhusu mvuke, kuni na maji, kana kwamba treni ya Bububu ingepita alasiri. Kahawa ilijazwa tena na tena. Ndipo mjomba akalirudia swali lake, safari hii kwa mtu mwenye haki ya kulijibu: kwa nini ile ya Soga ipo na hii haipo?

Mzee akasema, "Magari." Na ni kweli. Serikali iliinunua reli kutoka kwa Wamarekani mwaka 1911, barabara nzuri zikaanza kutandazwa kisiwani, magari yakaja, na mwaka 1922 abiria wakaachwa. Ilipomaliza mawe ya gati, vyuma vikaondolewa.

Lakini nadhani kuna sababu iliyo chini ya hiyo, nami nilimwambia kwa heshima, na sasa naisema tena. Reli huishi kwa mzigo wa mbali. Njia ya maili 7 kwenye kisiwa ambacho karafuu zake nyingi hutoka Pemba haikuwa na mzigo wa kuilisha. Reli ya Kati ilikuwa na maili zaidi ya 700 za nchi nyuma yake. Na mzigo ule wa Tabora na Ujiji ulikuwa wa nani kabla ya mwaka 1905? Ulibebwa vichwani na wapagazi hadi Bagamoyo, ukapakiwa majahazini, ukaja hapa hapa Unguja. Ndio uliotajirisha mji huu, pamoja na dhambi kubwa ya biashara ya watumwa iliyokuwa ndani yake. Reli ilipofika Tabora na kisha Kigoma, mzigo ukateremkia Dar es Salaam na kupanda meli kubwa bila kupita kisiwani. Bagamoyo ikadhoofika, Unguja ikapoteza bara lake. Reli mbili zilizaliwa mwaka mmoja, na ile iliyopita kwetu ndiyo iliyokula chakula cha mwenzake.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Basi mmekuja kutoa pole," akasema, na akatucheka kwa upendo, akasisitiza tule kabla ya kuondoka.

Tulirudi na boti ya jioni. Pembeni yetu alikaa mama mmoja wa Unguja, mtu mzima, amejifunga kanga juu ya baibui kwa sababu ya upepo. Alikuwa anakwenda Dodoma kwa binti yake aliyejifungua, na kesho yake angepanda SGR kwa mara ya kwanza. Alituuliza kama ni kweli inakwenda kasi kiasi cha kuumiza masikio. Mjomba akamtoa wasiwasi: inafika kilomita 160 kwa saa, lakini ndani utakunywa chai bila kumwaga. Akamwambia akishapita Pugu aangalie nje, ataona mahali fulani reli nyingine, nyembamba, kokoto zake zimeiva wekundu.

"Hiyo ndiyo ya mwaka 1905, dada yangu."

"Na bado inapita treni?"

"Inapita. Hadi Kigoma inafika."

Mama yule akamwomba amtajie vituo vyote, binti yake atamuuliza kwa simu amefika wapi. Mjomba akaomba kalamu kwangu na kuandika nyuma ya tiketi yake ya boti, kwa herufi kubwa za mtu wa gengi: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma. Alipompa akairudisha kalamu kwenye neno Ruvu, akaongeza kwa maandishi madogo kwamba pale, kwenye reli ya zamani, tangu mwaka 1963 njia inagawanyika kwenda Mnyusi na Tanga, kama siku moja atapenda kwenda na huko.